Mtawa Aliyefeli Mtihani na Bustani Yake ya Njegere

Kila aliyemaliza kidato cha nne anamjua Mendel wa ubaoni. Ni yule wa herufi kubwa na herufi ndogo, wa miraba minne iliyochorwa kwa rula, wa tatu kwa moja. Tulimkariri, tukamtapika kwenye karatasi ya mtihani wa Baiolojia, tukaachana naye palepale mlangoni. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba jamaa huyu aliyetutesa na maswali ya alama kumi, yeye mwenyewe mitihani ilimshinda.

Nimerudi kwake mwaka huu kwa sababu zangu. Matokeo ya mwaka wa pili yalipotoka nilijikuta na sapu mbili. Si habari kubwa hapa chuoni, najua. Wapo wenye nne na bado wanacheka kantini. Lakini mimi nilikuwa nimepiga msuli kweli, na wiki za mwisho kabla ya mtihani nilikuwa nakaa kimbweta hadi saa tisa usiku, desa limefunguliwa ukurasa uleule, macho yanasoma na kichwa hakipokei. Usingizi ulikata. Chakula hakishuki. Likizo ilipofika nikaenda kwa bibi Lushoto, na bibi hakuuliza lolote kuhusu GPA. Alinipa ungo na gunia la njegere, akasema nimenye.

Nilimenya siku tatu. Siku ya tatu jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sijawaza kudisko. Nilipokumbuka kuwa njegere na Mendel wana undugu, niliporudi chuo nikaenda maktaba kumtafuta upya. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kinaitwa Hynčice na kipo Jamhuri ya Cheki. Enzi hizo eneo lote hilo lilikuwa chini ya Dola ya Austria, na watu wa kwao walizungumza Kijerumani. Jina alilopewa na wazazi ni Johann. Hilo la Gregor lilikuja baadaye, utawani. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo aliyewahi kuwa askari katika vita vya enzi ya Napoleon. Siku tatu za kila wiki hazikuwa zake. Sheria ilimtaka azitumie kumfanyia kazi bwana mwenye ardhi bila ujira, kisha zilizobaki ndizo alime kwake. Hata hivyo mzee alikuwa na raha yake moja, nayo ni miti ya matunda. Alipenda kubebesha matawi ya miti mizuri kwenye mashina ya miti ya kawaida, na mtoto wake wa kiume, wa pekee kati ya mabinti wawili, alikuwa anamshikia kisu na kamba. Padri wa pale kijijini naye alikuwa mtaalamu wa miti ya matunda, na shuleni watoto walifundishwa bustani na ufugaji wa nyuki pamoja na kusoma na kuandika. Kwa hiyo kabla hajajua kitu kinachoitwa sayansi, Johann alijua mti unabebeshwaje na mzinga unafunguliwaje.

Alikuwa na akili, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mtoto wa mkulima mwenye akili ni gharama. Walimpeleka sekondari katika mji wa Troppau, wazazi wakaweza kulipia nusu tu ya chakula. Nusu nyingine ilikuwa mkate na siagi vilivyotumwa kutoka nyumbani kila gari la kijijini lilipopata safari. Wenzangu mnaosubiri bumu hadi wiki ya sita ya muhula mtamwelewa haraka kuliko profesa yeyote. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake kifuani akiwa kwenye ile kazi ya lazima msituni, na mzee hakupona sawasawa tena. Msaada ukakata. Johann, umri miaka 16, akaanza kufundisha tuisheni watoto wa wengine ili ale.

Mwaka uliofuata aliugua akarudi nyumbani kwa miezi kadhaa. Si malaria wala kipindupindu. Mwili ulikuwa umegoma. Alilala tu. Hali hii ingejirudia maishani mwake kila alipobanwa kupita kiasi, na waliomwandikia maisha yake wameihesabu mara nyingi. Alipomaliza sekondari akaenda Olomouc kwa masomo ya kuingia chuo kikuu, mji asioujua mtu, akitafuta wanafunzi wa tuisheni na hapati. Akaanguka tena. Safari hii alikaa kwa wazazi mwaka mzima.

Aliyemwokoa ni mdogo wake wa kike, Theresia. Kwao binti ndiye aliyetengewa mali ya kwenda nayo kwenye ndoa, kinyume na mahari ya kwetu. Theresia alikata sehemu ya fungu lake akampa kaka yake arudi shule. Binti mdogo wa kijijini, mwenye kujua fika kwamba fungu likipungua na wachumba huenda wakapungua. Tafadhali mshikilie jina hilo, tutarudi kwake.

Alimaliza Olomouc mwaka 1843, na hapo akaingia utawa katika monasteri ya Mtakatifu Thomas, mji wa Brno. Mwenyewe aliandika baadaye, bila kuficha, kwamba alihitaji mahali ambapo hatahangaika tena na riziki. Sijui kwa nini wengine huona hili ni la kumwonea aibu. Mimi nimeona wangapi wamechagua kozi kwa sababu mkopo wake ni wa uhakika? Na monasteri yenyewe haikuwa ya kukaa kimya gizani. Watawa wake walifundisha mashuleni mjini, maktaba ilikuwa kubwa, na mkuu wao, abati Cyrill Napp, alipenda mambo ya kilimo na uzalishaji wa mbegu. Kulikuwa na bustani.

Baada ya kupewa upadre walimpangia kutembelea wagonjwa na wanaokufa. Hakuweza. Kila alipotoka kitandani pa mgonjwa naye aliugua, hadi abati akaandika kwa wakubwa kwamba kijana huyu ana haya nyingi na moyo mwepesi, kazi hii haimfai. Akampeleka kufundisha sekondari katika mji wa Znaim mwaka 1849. Na huko, kumbe, alikuwa mwalimu mzuri sana. Wanafunzi walimpenda, walimu wenzake walimsifu. Kilichokosekana ni cheti tu. Ndipo akatakiwa kufanya mtihani wa serikali wa walimu, Vienna, mwaka 1850.

Akafeli. Fizikia na hali ya hewa alijibu vizuri, lakini jiolojia na zuolojia zilimmaliza. Mmoja wa watahini aliona kipaji ndani ya majibu yale mabaya, akashauri apelekwe chuo kikuu akasome vizuri. Abati Napp akakubali kugharamia. Kwa miaka miwili, kuanzia 1851 hadi 1853, Mendel alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vienna. Alisoma fizikia kwa Christian Doppler, ndiyo, yule yule wa mawimbi ya sauti, na botania kwa Franz Unger. Huko alijifunza kuhesabu mambo ya asili badala ya kuyasifia tu.

Akarudi Brno, akaajiriwa mwalimu wa muda kwa mshahara mdogo kwa sababu cheti bado. Mei 1856 akaenda tena Vienna kurudia mtihani. Umri miaka 33, digrii hana, lakini chuo kikuu ameshasoma, kila mtu nyumbani anajua safari hii atapita. Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Katikati ya mtihani mwili uligoma kama ulivyogoma Troppau na Olomouc. Akajitoa, akarudi Brno mikono mitupu, akaugua. Hakujaribu tena maisha yake yote. Aliendelea kufundisha kama mwalimu wa muda hadi 1868, jumla miaka 14, akifanya kazi ileile ya wenye vyeti kwa malipo pungufu.

Sasa hebu angalia tarehe. Mei 1856 ameanguka mtihani. Mwaka huohuo, katika kipande cha ardhi chini ya madirisha ya monasteri, chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 7, alianza kuchanganya njegere.

Sisemi kwamba alianza kwa sababu alifeli. Mbegu alikuwa ameshaziandaa. Alikusanya aina 34 za njegere kwa wafanyabiashara wa mbegu, akazipanda kwa miaka miwili kuhakikisha kila aina inazaa watoto wanaofanana nayo, akabakiza 22. Ninachosema ni kwamba bustani ilikuwa inamsubiri aliporudi. Na bustani haikuuliza cheti.

Kazi yenyewe nitaieleza polepole, kwa sababu shuleni waliirukia. Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Ukitaka kulioza na ua la mmea mwingine, lazima uwahi. Unachagua kichipukizi ambacho hakijafunguka, unafunua petali zake kwa ncha ya kibano, zinakuwa laini kama ngozi ya kitunguu. Ndani kuna vijiti kumi vyenye chavua changa. Unavinyofoa kimoja kimoja, bila kugusa kile cha katikati kinachopokea. Kisha unachukua chavua ya mmea wa pili, unapaka pale katikati, unafunika ua kwa kifuko kidogo ili nyuki na wadudu wengine wasikuharibie. Halafu ua linalofuata. Halafu linalofuata. Kiuno kimeinama, jua la Mei mgongoni, na ukitetemeka mkono umepoteza ua. Mtu aliyeshindwa kukaa mbele ya meza ya watahini bila kuugua, mkono wake hapa haukutetemeka.

Baada ya hapo unasubiri. Njegere haiharakishwi. Zikikomaa unamenya, na hapo ndipo kazi kubwa. Alimenya na kuhesabu kwa sifa saba: mbegu duara au yenye mikunjo, njano au kijani, mmea mrefu au mfupi, na nyinginezo. Katika jaribio moja tu alihesabu mbegu 7,324, duara 5,474 na zenye mikunjo 1,850. Katika jingine mbegu za njano 6,022 na za kijani 2,001. Ukigawanya utapata ile tatu kwa moja ya ubaoni, lakini mimi siku hizi nikiziona namba hizo naona ungo. Naona mtu amekaa jioni baada ya vipindi, anatenga za njano huku na za kijani kule, na kwa saa mbili hizo hakuna mtu anayempima yeye. Yeye ndiye anayepima. Kwa miaka minane, hadi 1863, mimea iliyopita mikononi mwake inakadiriwa kuwa 28,000 hivi.

Wapo watakaonipinga kwamba ile ilikuwa utafiti na si burudani, kwamba Napp alimruhusu na bustani ilikuwa ya monasteri. Kweli. Lakini hakuna aliyemlipa kwa njegere, hakuna aliyemngojea na ripoti, na asingepata cheo hata zingekubali. Alizifanya baada ya kazi, kwa mikono ileile iliyoshika kamba ya baba yake alipobebesha miti. Na jambo la kushangaza: katika miaka ile minane ya njegere, ya vipindi vingi na mshahara mdogo, yale maradhi ya kuanguka kitandani hayasikiki sana tena katika habari zake. Watu waliomkumbuka kutoka miaka hiyo walimkumbuka mwalimu mnene mcheshi, mwenye kuwaonyesha wanafunzi bustani.

Tarehe 8 Februari 1865 alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno akasoma sehemu ya kwanza ya matokeo, na tarehe 8 Machi akamalizia. Walikuwepo watu kama 40. Walisikiliza kwa heshima, wakaenda nyumbani. Mwaka 1866 ikachapwa katika jarida la chama, naye akapewa nakala 40 za kugawa. Moja ilimfikia Carl Nägeli, profesa mkubwa wa botania huko Munich, aliyemjibu kwa namna ya mtu mkubwa anayemjibu mdogo, akamvutia kwenye mmea wake aupendao, uitwao Hieracium. Ni jamii ya maua madogo ya njano. Wala Mendel wala Nägeli hawakujua kwamba mingi ya mimea hiyo huzaa mbegu bila kuchavushwa kabisa. Kwa hiyo hakuna hesabu iliyokubali. Na maua yake ni madogo mno, vijiua vingi vimesongamana, vinahitaji lenzi na kioo cha kurudishia mwanga. Mwaka 1869 macho yalimuuma hadi akaacha kwa miezi.

Hapa nataka niwe mkweli, maana makala za aina hii hupenda kusema bustani huponya kila kitu. Haiponyi. Ile Hieracium ilikuwa bustani pia, na ilimchosha. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba njegere alizichagua mwenyewe, ile nyingine alichaguliwa na mtu aliyetaka kumridhisha. Anayefanya mazoezi ya gitaa ili tu ayaweke mtandaoni apate sifa anajua ninachosema.

Machi 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abati. Alidhani atapata muda zaidi wa mimea. Alikosea vibaya. Ukuu ulileta mabenki, kamati, wageni, safari, na mwaka 1874 ukaleta sheria ya kodi mpya kwa monasteri. Mendel aliiona ni dhuluma akakataa kulipa. Monasteri nyingine zililalamika, zikalipa. Yeye hakulipa hadi kufa. Serikali ikashikilia mali za monasteri, marafiki wakamshauri alegeze, hakulegeza, marafiki wakapungua. Miaka kumi ya barua, rufaa na hasira. Alizidi kunenepa, akivuta sigara kubwa moja baada ya nyingine, na mgongo haukuinama tena kwenye vitanda vya njegere.

Lakini angalia alichobakiza. Nyuki, wa utotoni. Alijengewa kibanda cha mizinga kwenye mteremko wa bustani ya monasteri, juu kidogo, akawa anapanda polepole kwenda kukaa nao. Kibanda hicho bado kipo Brno. Alijaribu kuzalisha aina tofauti za nyuki, ingawa malkia wa nyuki huolewa angani anakotaka mwenyewe, hana habari na mtawa mwenye daftari. Miti ya matunda. Maua ya fuksia, ambayo ameyashika kwenye picha moja ya watawa wote wa monasteri. Wenzake wanatazama kamera, yeye anatazama ua. Na hali ya hewa. Kila siku, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, alisoma kipimajoto na vipimo vya mgandamizo wa hewa, akaandika. Mwezi kwa mwezi, miaka kwa miaka. Barua ya mtoza kodi iwe imefika au haijafika, saa ikigonga alikwenda kusoma kipimo.

Tarehe 13 Oktoba 1870 kimbunga chembamba kikali kilipita juu ya Brno, kikavunja madirisha ya monasteri na kurusha vigae vya paa hadi ndani ya vyumba. Mtu mwingine angejificha uvunguni. Mendel aliangalia vigae vimeangukia upande gani, akapiga hesabu ya mwelekeo wa upepo, akagundua kwamba kimbunga kile kilizunguka kinyume na kawaida ya vimbunga vya upande ule wa dunia, akaandika makala nzima. Hata hiyo haikusomwa sana. Nikifikiria, huyu jamaa angekuwa chuoni kwetu angekuwa yule anayekaa siti ya nyuma na kujibu swali ambalo mhadhiri hajauliza.

Sasa Theresia. Aliolewa, akapata watoto watatu wa kiume. Mendel aliwachukua wote waje Brno wasome, akawalipia. Wawili wakawa madaktari. Jumapili walikuja monasteri kucheza sataranji na mjomba, aliyependa pia kutunga mafumbo ya mchezo huo. Fungu alilokata dada mwaka 1841 lilirudi hivyo, kupitia bodi la sataranji na ada za shule.

Figo na moyo vilimchosha. Aliendelea kuandika vipimo vya hali ya hewa hadi siku za mwisho, na alipofariki tarehe 6 Januari 1884, miaka 61, mji wa Brno ulimzika kama abati mwema na mpenda nyuki. Kanisani Leoš Janáček, aliyekuja kuwa mtunzi maarufu wa muziki, ndiye aliyeongoza kwaya. Mrithi wake alimaliza ugomvi wa kodi, na karatasi nyingi za marehemu zikachomwa moto. Miaka 16 baadaye, mwaka 1900, wataalamu watatu wa mimea katika nchi tatu, kila mmoja kivyake, walifikia matokeo yaleyale na kukuta kwamba mtu wa Brno alikwishayaandika. Mengine mnayajua, yako kwenye desa.

Mwezi uliopita, jioni moja, nilitoka na kamba ya kuanikia nguo nikapima mita 35 kwa 7 nyuma ya hosteli, kati ya tangi la maji na uzio. Zimetosha, na kona imebaki. Mlinzi aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sayansi, akacheka akaenda zake. Sikulima zote, nina jembe la kuazima. Nimelima kitanda kimoja cha mchicha, na jirani wa chumba cha pili amenifuata na mbegu za bamia. Tunamwagilia saa kumi na mbili asubuhi kabla bomba halijakatika, na saa moja tunakuwa kimbwetani, kila mmoja na desa lake. Sapu ya kwanza ni Jumatatu. Mchicha utakuwa tayari Jumamosi.